Tembo la Mjomba

Kabla jua halijatoka, watu wa Kaole walizoea kusikia sauti kutoka juu ya minazi.

"Juu kuna mtu! Jistirini!"

Huyo alikuwa Kitwana, mgema wa tembo. Mgema akiwa juu ya mnazi huona nyua zote za majirani. Kwa hiyo mgema mwenye adabu huita kwanza, ili wanawake wanaooga au kufua uani wajifunike. Kitwana alikuwa na adabu, na kila mtu alisema hivyo.

Siku hizo Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika. Kitwana alirithi minazi kwa baba yake, na ugema pia. Alfajiri alipanda, na alasiri alipanda tena. Alichonga karara, kile kikonyo cha maua ya mnazi, kwa kisu chake, akateremsha kibuyu kilichojaa, akaning'iniza kitupu. Tembo alilimimina katika mtungi mkubwa uliokuwa ndani ya kibanda chake, pale pale shambani. Kisha alilipakia kwenye baiskeli na kulipeleka kwa Mina, mwanamke aliyekuwa na kilabu cha pombe kwenye njia ya kwenda mjini Bagamoyo. Watu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kitwana alisifiwa miaka mingi na hakulitia maji hata siku moja.

Yeye mwenyewe hakunywa. Alisali sala tano. Maalim wa msikitini alimwambia zaidi ya mara moja, "Kitwana, anayeuza hana tofauti kubwa na anayekunywa."

Kitwana aliinamisha kichwa kwa heshima. "Kweli, Maalim. Lakini nina watoto wawili sekondari. Minazi ndiyo inayowasomesha."

Watoto hao walikuwa Rajabu na Mwinyimvua. Rajabu alikuwa mwanawe wa kumzaa, tena wa pekee. Mwinyimvua alikuwa mtoto wa dada yake, Mwanamkasi. Baba yake Mwinyimvua alikufa mtoto akiwa mgongoni, na tangu hapo Kitwana ndiye aliyekuwa baba. Nyumba ya Mwanamkasi ilipakana na yake, ua mmoja.

Wakati huo, mtoto wa Kaole kufika sekondari lilikuwa jambo kubwa. Rajabu alipofaulu, majirani walikuja kutoa hongera kama waliokuja arusini. Mwaka uliofuata Mwinyimvua naye akafaulu. Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, mbali, ng'ambo ya Chalinze. Vijana walirudi nyumbani wakati wa likizo tu.

Mwinyimvua alikuwa mdogo wa umbo, mwenye meno ya mbele yaliyoachana na kicheko cha karibu. Likizo alikaa barazani akiwasomea wazee gazeti. Akifika mahali palipoandikwa maneno ya gavana, alikaza shingo na kusema puani kama Mzungu. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake, ndani, alicheka pia, ijapokuwa alikuwa hasikii vizuri maneno yenyewe. Alicheka kwa sababu mwanawe alikuwa anachekesha watu.

Mwinyimvua alimpenda sana binamu yake. Rajabu akivaa kofia kiupande, Mwinyimvua naye alivaa kiupande. Rajabu akisema chakula hiki hakina chumvi, na yeye aliweka tonge chini.

* * *

Likizo ya katikati ya mwaka, Rajabu alirudi amebadilika.

Aliyeona kwanza ni Somoe, mama yake. Kijana alilala mpaka jua likawa kali. Macho yalikuwa mekundu. Akiulizwa neno, alijibu kwa ukali. Na kila saa alitafuna karafuu.

"Baba Rajabu," Somoe alimwambia mumewe, "mtoto huyu ana nini? Karafuu zangu za pilau zimekwisha zote."

"Anakua," Kitwana alijibu. "Kijana akikua huwa hivyo. Muache."

Jirani yao mmoja alikuwa Bi Mwaija, nesi wa hospitali ya Bagamoyo. Alikuwa mtu mzima, mpole, lakini hakupenda kuzungushazungusha maneno. Jioni moja alikuja kuomba moto. Akasalimiwa, akakaribishwa mkeka, akakaa.

"Bwana Kitwana," alisema, "nitasema neno, na ukilichukia unisamehe. Rajabu anakunywa."

Kitwana alicheka. "Rajabu? Bi Mwaija, mimi baba yake sijui hata ladha ya tembo kali likikaa mdomoni. Rajabu atajifunzia wapi?"

"Hatujifunzi kwa baba peke yake. Nimepita naye njiani asubuhi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Na hiyo karafuu ni ya kuficha harufu. Kama mwenzake naye ameanza, sijui. Lakini yule mdogo hufuata kila kitu."

"Nilikuwa nikiwapa tembo tamu la asubuhi tangu wadogo," Kitwana alisema. "Kikombe kidogo, chini ya mnazi. Halina neno lile. Ni kama maji ya dafu."

"Asubuhi ni kama maji ya dafu, ndiyo. Lakini linaanza kuchacha tangu likiwa ndani ya kibuyu. Adhuhuri lina nguvu. Kesho yake ni kali. Mtoto uliyemzoesha utamu wake, nani atamwambia saa ya kuacha?" Bi Mwaija alielekeza kidole upande wa shambani. "Angalau tia mlango wa mbao kibandani, na kufuli."

Kitwana alihisi uso wake unapata moto. Kufuli ni kwa ajili ya wezi. Yeye amfungie nani? Mwanawe?

"Nimekusikia, Bi Mwaija," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba hakutaka kusikia zaidi.

Bi Mwaija alichukua kaa lake la moto akaenda.

Jambo moja Kitwana hakulisema. Mara kwa mara siku zile alikuta mtungi wa kibandani umepungua. Moyo wake ulijua. Lakini aliuambia moyo kwamba ni wapita njia, nao moyo ukakubali kunyamaza.

* * *

Ijumaa moja, baada ya sala, vijana wote wawili walisema wanakwenda kuoga pwani. Mwanamkasi alimwita mwanawe akampa andazi, akampangusa unga shavuni kwa ncha ya kanga. Mwinyimvua alijitoa kwa aibu, kwa kuwa alikuwa sasa mtu wa sekondari.

Alasiri ile Kitwana hakwenda kugema. Palikuwa na arusi kijiji cha Mlingotini, na alikuwa ameombwa kusaidia mapishi. Aliporudi magharibi, alimkuta Rajabu amelala chumbani, ameuelekea ukuta.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amekwenda Mlingotini," Rajabu alisema bila kugeuka. "Arusini. Atalala huko huko."

"Mbona mimi nilikuwa huko na sikumwona?"

"Labda mmepishana, baba."

Mwanamkasi aliuliza vile vile, akajibiwa vile vile. Akasema, "Huyu naye, ngoma ikilia hawezi kukaa." Akaweka chakula cha mwanawe chini ya kawa, akafunga mlango bila komeo.

Alfajiri Kitwana alikwenda shambani kama kawaida. Alikuwa karibu kuanza kupanda mnazi wa kwanza alipoona mlango wa makuti wa kibanda uko wazi. Akaingia.

Mwinyimvua alikuwa amelala chali juu ya majamvi, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Kando yake palikuwa na kata ya kuchotea tembo, na chupa ya gongo, ile pombe ya kuchoma koo inayopikwa kwa siri vichakani. Mdomo na shingo vilikuwa vimechafuka matapishi yaliyokwisha kukauka.

"Mwinyi," Kitwana aliita. "Mwinyi, amka, baba."

Alimgusa mguu. Ulikuwa wa baridi.

Asubuhi ile hakuna aliyesikia sauti kutoka juu ya minazi. Walisikia sauti nyingine, kutoka chini.

* * *

Maiti iliogeshwa, ikavikwa sanda, ikasaliwa na kuzikwa siku ile ile. Wanaume walirudi kutoka makaburini. Wale wazee wa baraza walikaa kila mmoja peke yake, kama watu wasiojuana.

Mwanamkasi hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka, macho makavu. Baada ya maziko alisema neno moja tu.

"Niitieni Rajabu."

Rajabu aliingia. Alipiga magoti mlangoni, hakuweza kusogea zaidi. Kitwana alisimama nyuma yake.

"Mlikuwa pamoja?" Mwanamkasi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Ulipomwacha, alikuwa hai?"

Rajabu alilia.

"Nimekuuliza, mwanangu. Alikuwa hai?"

"Alikuwa anakoroma, shangazi. Alikoroma sana. Nilimwita hakuitika. Nikadhani ni usingizi wa pombe, ataamka. Nikamfunika shuka."

"Kwa nini hukuniita?"

"Niliogopa. Niliogopa baba atajua. Niliogopa tutafukuzwa shule."

Mwanamkasi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso wake ukutani. Tangu siku ile hakusema naye tena. Hakumtukana, hakumlaani, lakini hata salamu yake hakuiitikia. Rajabu akisema, "Shikamoo, shangazi," yeye aliendelea kupepeta mchele wake.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa na watu walipotawanyika, Bi Mwaija alikaa na Kitwana na Somoe uani. Rajabu alikuwa kwenye kizingiti, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni.

"Bi Mwaija," Kitwana alisema kwa sauti ndogo, "wewe uliniambia. Sasa niambie jingine. Mwinyimvua alikufa kwa nini? Walevi wangapi nimewaona wakilala njiani, asubuhi wanaamka?"

"Wengine huamka. Wengine hawaamki," Bi Mwaija alijibu. "Pombe ikizidi mwilini huulaza ubongo. Mtu akilala usingizi wa kawaida, kitu kikimwingia kooni hukohoa. Aliyezimia kwa pombe hakohoi. Tumbo linatapika, naye amelala chali. Matapishi yanarudi kooni, yanaziba pumzi. Na mkoromo ule si wa raha. Ni pumzi inayotafuta njia."

Somoe alijifunika uso.

"Halafu hawa ni vijana," Bi Mwaija aliendelea. "Mwili wao ungali unajengwa. Pombe inayomlewesha mtu mzima humwangusha kijana. Na Mwinyimvua alikuwa mdogo wa umbo. Walichanganya tembo na gongo. Gongo hakuna anayejua lina nguvu kiasi gani, wala limetiwa nini. Mpishi mwenyewe hajui."

Kutoka kizingitini sauti ilisikika.

"Ningefanya nini, Bi Mwaija?"

Kitwana aligeuka kwa hasira, lakini Bi Mwaija alimzuia kwa mkono.

"Acha aulize. Njoo hapa, Rajabu. Lala chini."

Rajabu alilala mkekani. Bi Mwaija alimgeuza ubavu, akaukunja mguu wa juu ili asibingirike, akaweka kiganja chake chini ya shavu na kuelekeza mdomo chini kidogo.

"Hivi," alisema. "Kama mtoto aliyelala ubavu. Akitapika, yanatoka nje. Usimlaze chali kamwe. Usimnyweshe kitu, si maji, si maziwa, si kahawa, kwa sababu aliyezimia hamezi. Usimmwagie maji ya baridi. Mfunike apate joto, na hapo ulifanya vizuri. Lakini usimwache. Kaa naye, sikiliza pumzi yake. Mtume mtu mwingine akamwite mkubwa, apelekwe hospitali. Yule mkubwa akija na fimbo, kubali kupigwa. Jeraha la fimbo hupona."

Rajabu alibaki amelala vile vile ubavu, machozi yakimpita puani.

Kitwana alitazama mikono yake. Alikuwa amewahi kumpiga Rajabu kwa sababu ndogo sana, kwa kuvunja kibuyu, kwa kuchelewa chuo cha Kurani. Sasa aliona wazi kwamba kijana alikuwa na hofu mbili siku ile, ya kufukuzwa shule na ya baba yake. Na baba yake ndiye aliyekuwa karibu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. Hakuna aliyejua kama alimsema Rajabu au alijisema mwenyewe.

* * *

Mtu angedhani kwamba baada ya msiba ule Rajabu hangeigusa pombe tena. Haikuwa hivyo.

Likizo ilikwisha, wenzake wakarudi shule, yeye akakataa kwenda. Alishinda ndani. Kisha akaanza kutoka alasiri. Siku moja Kitwana alipeleka tembo kwa Mina, akamkuta mwanawe ameketi kwenye gogo nyuma ya kilabu, kata mkononi.

Kitwana alimburura mpaka nyumbani. Alichukua bakora. Somoe alipiga kelele, na Bi Mwaija akaingia mbio akiwa bado na nguo zake nyeupe za kazi.

"Bwana Kitwana! Utampiga mpaka lini?"

"Mpaka aache! Amemuua mwenzake, na bado anakunywa!"

"Nakunywa ili nisimsikie," Rajabu alisema. Alisema polepole, kama mtu aliyechoka sana. "Nikiwa mzima nasikia anakoroma."

Bakora ilianguka.

Bi Mwaija aliketi kando ya kijana. "Ulianza lini, mwanangu?"

"Mwaka wa kwanza. Nje ya shule kuna mahali pa pombe. Jumamosi baada ya mpira wakubwa walikwenda. Walisema asiyekunywa bado ananyonya. Mara ya kwanza nilitapika. Wakacheka. Nikarudi ili wasinicheke. Baadaye, wiki ikipita bila kunywa, mikono inatetemeka na usingizi sipati. Mwinyimvua alipokuja shule, alitaka kufanya ninachofanya. Nilimpa mimi. Kata ya kwanza nilimpa mimi."

"Sikia, Bwana Kitwana," Bi Mwaija alisema. "Wengi huanza hivyo, kwa kuogopa kuchekwa. Kisha mwili unazoea, unadai. Hapo si utundu tena, ni ugonjwa. Na ugonjwa huwezi kuutoa kwa bakora. Nitampeleka kwa daktari, maana aliyezoea akiacha ghafla anaweza kuugua sana, hata kifafa kikamshika. Lakini daktari ana nusu moja tu ya kazi. Nusu nyingine iko nyumbani. Apate chakula, apate kazi ya mikono, apate mtu wa kusema naye. Na pombe isiwe mlangoni pake."

Alisema maneno ya mwisho bila kumtazama Kitwana. Hakukuwa na haja.

Kesho yake Kitwana alikwenda kwa Mina bila tembo.

"Mina," alisema, "usiwauzie wanafunzi. Mwanangu wala mtoto wa mtu yeyote."

Mina hakuwa mtu mbaya. Aliweka chini chujio lake, akajifuta mikono. "Nimefiwa pia na Mwinyimvua, Kitwana. Lakini nikuulize. Tembo alilokunywa mwanao hapa lilitoka kwa nani?"

Kitwana aliyatazama makuti ya paa la kilabu. Kisha akaaga, akaenda moja kwa moja shambani. Alipanda mnazi wa kwanza, akateremsha kibuyu. Akapanda wa pili. Majirani walishangaa kumwona akipanda saa isiyo ya kugema, akiteremsha vibuyu na kuviweka chini bila kuning'iniza vingine. Ilipofika jioni alikuwa amemaliza shamba zima. Akavunja kibanda kwa mikono yake.

* * *

Si jambo rahisi mgema kuacha ugema. Mnazi unaogemwa hauzai, na ukiachwa huchukua muda mrefu kabla ya kuanguliwa nazi. Miezi ile ilikuwa ya muhogo na kisamvu. Somoe alisuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikapasuka. Baadhi ya wanywaji walimcheka Kitwana. Walisema amekuwa sheikh uzeeni.

Rajabu alilala hospitalini siku kadhaa. Alitokwa jasho, alitetemeka, alimwona Mwinyimvua mlangoni akaita jina lake. Kitwana alikaa kando ya kitanda, akimpangusa. Alimshika mkono. Hakuwa amemshika mkono mwanawe tangu alipokuwa mdogo wa kuvushwa njia.

Aliporudi nyumbani, walifanya kazi pamoja. Nazi za kwanza, za minazi michache aliyokuwa haigemi, zilipoanguliwa, walizifua, wakazipasua na kuzianika juani kuwa mbata. Walifanya kazi wakizungumza. Siku nyingine Rajabu alisema, "Baba, leo naitamani." Kitwana alijibu, "Basi tukae wote mpaka ipite." Walikaa, na ikapita. Mara moja haikupita. Rajabu aliponyoka, akaenda, akanywa, akarudi akilia. Kitwana hakuchukua bakora. Alimlaza ubavu, akakaa akisikiliza pumzi yake.

Mwaka mpya ulipokaribia, Kitwana mwenyewe alifuatana naye mpaka shuleni. Mbele ya mwalimu mkuu Rajabu alisema yote, hakuficha. Mwalimu mkuu aliweka kalamu yake chini.

"Sisi hapa tukimkamata mlevi tunamchapa, tunamfukuza," alisema. "Nilidhani tunaimaliza pombe. Kumbe tunawafundisha kuificha."

Alimpokea Rajabu, kwa sharti la kurudia mwaka. Tena aliwakusanya wanafunzi, akamwacha Rajabu azungumze. Kijana hakuhutubia. Alieleza tu siku ile ya Ijumaa, tangu andazi mpaka shuka. Kisha akawaonyesha jinsi ya kumlaza mtu ubavu. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba mwanafunzi atakayeleta mwenzake aliyezidiwa hataadhibiwa kwa kumleta, na mlevi mwenyewe atatibiwa kwanza, mengine baadaye. Jumamosi, baada ya mpira, walimu wakaanza kukaa na vijana, kwa mashindano na michezo ya kuigiza. Si wote walioacha kunywa. Lakini asiyetaka kunywa sasa alikuwa na mahali pa kwenda.

* * *

Likizo iliyofuata Rajabu alirudi Kaole. Aliteremsha mzigo wake, akawaamkia wazazi, kisha akavuka ua hadi kwa shangazi yake. Kitwana alikuwa barazani, akasikia yote.

"Shikamoo, shangazi."

Mwanamkasi aliendelea kupepeta mchele.

"Shangazi, nina neno la kukuambia. Hata usiponijibu nitalisema." Rajabu alipiga magoti mbele ya ungo. "Shuleni mtoto mmoja wa darasa la tisa alikunywa gongo akazimia. Wenzake walimfunika shuka. Walitaka kumwacha mpaka asubuhi. Mmoja akanijia mbio, akasema, 'Anakoroma.' Nilikwenda. Nilimlaza ubavu, nikamtuma mmoja amwite mwalimu. Alitapika, shangazi. Alitapika sana, yakatoka nje. Walimpeleka hospitali. Yuko hai."

Ungo ulisimama.

Kitwana alisikia kuku wakiparura mchele uliomwagika.

"Mtoto huyo," Mwanamkasi alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyeamka kutoka homa ndefu, "mama yake anaitwa nani?"

"Sijui, shangazi."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Utakaporudi, muulize." Alivuta ungo akauweka kando. Mikono yake ilikuwa haina kazi tena, akaishika pamoja mapajani. "Mwanamke yule hajui. Yuko kwake anapika, anafua, anamgombeza mtoto, hajui ni kitu gani kimempita. Nataka nilijue jina lake."

Kisha akainama, akalia. Alilia kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia siku ya maziko. Rajabu alibaki amepiga magoti mbele yake, hakuthubutu kumgusa. Barazani, Kitwana alivua kofia yake, akaiweka magotini, akangoja dada yake amalize.